Spika ya Ladan

Kila Jumamosi, jua likishapita utosini na wauza ndizi wakianza kulegeza bei, Persis alishuka barabara ya maduka ya mji wa Kisii hadi kwenye kibanda cha redio cha Mogaka. Alipangusa kigoda kwa ncha ya kitambaa chake, akaketi. Mogaka alikuwa anamaliza redio ya mtu, au anajifanya anamaliza. Kisha alijifuta mikono kwenye suruali, akalitungua gitaa lake la umeme kutoka kwenye msumari, akafumba jicho moja na kusema, "Haya Mwalimu, nipe."

Naye alimpa. Alichompa ni noti moja tu, ile ambayo mwalimu wa muziki wa chuo cha ualimu aliigonga kwenye piano kila asubuhi mpaka ikamkaa Persis kooni. Wengine walitoka chuoni na cheti. Yeye alitoka na cheti na noti hiyo. Aliitoa chini chini, midomo ikiwa imefumbwa nusu, na Mogaka akazungusha kifungo cha gitaa taratibu mpaka waya ukaifikia sauti yake. Vilipokutana, vile viwili vilikuwa kitu kimoja, na kibanda kizima kikatulia.

Basi, ni hayo tu. Baadaye Machogu, mpiga ngoma wa bendi yao ya watu wawili, aliingia na maneno yake mengi, mazoezi yakaanza, na Persis akatoa uzi na sindano ya kufumia akawa anafuma vitambaa vya meza hadi wakati wa kurudi Nyakoe, alikofundisha darasa la tatu. Hakuwahi kusema neno jingine. Kwao Ekerenyo alilelewa kwa chinsoni, ile haya inayomfundisha msichana mambo yasiyotajwa mbele ya watu, na somo hilo alikuwa amelishika kuliko yote aliyofundishwa chuoni. Alimwita Mogaka "Fundi". Mogaka alimwita "Mwalimu". Kwa noti moja kila wiki Persis aliishi siku nyingine zote.

Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na tatu, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, Mogaka alisema "nipe" kama kawaida. Persis akafungua kinywa. Pumzi ilikuwa imeshajaa kifuani, noti iko mlangoni, kitu kikanguruma upande wa pili wa barabara.

Kilikuwa kama bati linalochanwa na upepo kutoka kwenye paa, huku lori la majani chai likipanda mlima kwa gia ya kwanza. Mbuzi aliyefungwa nje ya bucha alikata kamba. Kikanguruma tena, na safari hii Persis akatambua kwamba ndani ya ngurumo ile mlikuwa na wimbo.

Mogaka alisema lile lilikuwa gitaa. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyeitwa jina lake. Akamwekea Persis gitaa mapajani, akavuka barabara bila kutazama huku wala huku.

Persis akabaki nalo, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu na hajaambiwa mama atarudi lini.

Sauti ilitoka dukani kwa Mzee Gulled, aliyeuza vitambaa, taa za mafuta na redio. Bintiye, Ladan, alikuwa amesimama kando ya kinanda cha santuri, vidole vyake vyenye hina vikiwa juu ya kifuniko. Kaka yake Shariff alikuwa ameileta santuri ile kutoka Nairobi, ya bendi iitwayo Tufani, vijana waliopiga kwa kelele hata, ilisemekana, polisi walifika mara mbili kuwaomba wapunguze. Ladan aliipiga tena, na tena. Kupitia mlangoni Persis alimwona Mogaka ameinamisha kichwa karibu na kinanda, na Ladan ameinamisha chake upande wa pili, nafasi kati yao haizidi upana wa santuri yenyewe.

Aliporudi, Mogaka alilichukua gitaa na kuanza kulipiga papo hapo. Noti hakuomba. Siku ile gitaa lilipigwa likiwa limelegea, na ni Persis peke yake aliyesikia.

Tangu hapo kibanda kikawa jiko la majaribio. Mogaka aliipandisha sauti ya amplifaya yake, aliyoiunda mwenyewe kwa redio mbili kuukuu, mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kulalamika kwamba sindano yake inaruka. Alipitisha karatasi katikati ya nyaya. Aliitia spika ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Alitia maharagwe makavu ndani ya debe, pamoja na spika, na Machogu akauliza kama wangoje yaive.

Kila jaribio lilimalizika kwa namna moja. Mogaka alitoka mlangoni akapunga mkono, na Ladan akavuka barabara, buibui lake likiwa limerukwa na matone ya matope, akasimama katikati ya kibanda. Hakuketi, na kigoda hakukipangusa. Alifumba macho, akasikiliza, akasema, "Bado."

Neno lenyewe ni hilo tu, na Mogaka alilingoja kama zamani alivyoingoja noti.

Persis aliyaona hayo yote akiwa ameinamia sindano yake. Aliona jinsi Ladan alivyocheka kwa meno yote bila kuziba kinywa kwa mkono. Aliona kwamba Mogaka ameanza kuvaa shati safi siku za Jumamosi, na akajiuliza zile Jumamosi zake yeye zilikosa nini hata zikavaliwa lile lenye doa la risasi ya kulehemu. Ubaya zaidi ni kwamba Ladan alimpenda. Alimletea kashata za nazi zilizofungwa katika karatasi, akamwita dada, akamsifia vitambaa. Persis alizila zile kashata njiani akirudi Nyakoe, na ilimuudhi kwamba ni tamu.

"Mwalimu," Machogu alimwambia siku moja, akifunga ngozi ya ngoma yake, "mwenzio ameposa makelele. Sisi tutakula wali wa harusi masikio yameziba."

Persis akatabasamu kwa adabu. Tabasamu lile lilimuuma mashavu.

Tena kulikuwa na jambo alilolijua na hakulisema. Babu yake wa Ekerenyo alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane, ambacho hakiimbi tu bali hunguruma, kila uzi ukiburuta mtetemo nyuma yake kama mkia. Utotoni kazi ya Persis ilikuwa kulainisha nta ya nyuki kwa vidole. Mngurumo ukizidi ukali, babu alibandika punje ya nta pale nyuzi zinapolalia, ukipoa, aliibandua. Hadi leo Persis alitembea na kidonge cha nta mkobani, cha kupitishia uzi. Tangu siku ile ya kwanza, santuri iliponguruma, alikuwa amemsikia babu yake mle ndani. Alijua kwamba sauti ile haitafutwi kwa nguvu ya umeme. Hutafutwa pale kitu kinapogusana na kitu kidogo tu, kikakosa raha. Angeweza kumwambia Mogaka kwa sentensi moja. Lakini akishaambiwa, angekimbia wapi kwanza kuipeleka habari? Aliitazama ile barabara, akaimeza sentensi yake.

Bwana Omwenga, mwenye hoteli ya Nyakoe, alikuwa amejenga ukumbi na kuwapa vijana hawa wa bendi dansi ya mchana ya ufunguzi. Wakipendeza, ukumbi ungekuwa wao kila Jumamosi. Mogaka aliapa kwamba hatapanda jukwaani bila ile sauti. Alisema bendi za kupiga vizuri ziko kila soko. Ya kuwafanya watu wasahau walichokuwa wanasema haipo hata moja kutoka Kisii hadi Nyamira.

Wiki moja kabla ya dansi, Ladan alimbembeleza baba yake akatoa spika kubwa ya redio ya kizamani iliyokufa dukani. Mogaka aliifunga ndani ya sanduku la mbao, mbele akaitandazia kitambaa, nyuma akaiacha wazi. Alikuwa na furaha ya kuchukiza. Alisema wakasikilize santuri mara moja tu, sauti iwe mpya masikioni, ndipo aijaribu. Akavuka barabara na Ladan. Machogu alikuwa amekwenda kutafuta chai.

Persis akabaki peke yake na spika ya Ladan.

Ng'ambo, santuri ilinguruma. Kicheko kikafuata, kisha kicheko cha pili, cha kiume, alichokuwa hajawahi kukisikia. Alikuwa amemjua Mogaka kwa muda wote ule na hakujua kwamba anaweza kucheka vile.

Hakukata shauri. Mkono ndio uliokata. Sindano ya kufumia ilipita katikati ya vyuma vya nyuma ya spika ikaigusa ile karatasi inayotetemeka kutoa sauti, ikaitoboa, na ile ncha yake ya ndoano ilipotoka ikatoka na unyuzi mwembamba wa karatasi. Akatoboa tena pembeni. Akatoboa na mara nyingine, kwa hasira ndogo yenye adabu, kama anayefuma. Kisha akarudi kigodani, akaendelea na kitambaa cha meza pale alipokuwa ameachia, masikio yakiwaka moto. Nia yake ilikuwa moja: iwe kimya. Ladan avuke barabara aseme "bado", na iwe bado milele, na Mogaka achoke, alitungue gitaa kutoka msumarini, aseme nipe.

Mogaka akarudi, akachomeka waya, akapiga.

Kibanda kilijaa. Ile ngurumo ilitoka kwenye sanduku ikiwa imechanika na nzima kwa pamoja, ikitetemesha bisibisi kwenye kopo lao, na nyuma ya kila noti kulikuwa na ule mkia. Ladan alivuka barabara mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope, akasimama mlangoni ameshika kifua.

"Ndiyo hii," akasema. "Wallahi ndiyo hii."

Mogaka aliiweka mikono yake kichwani. Alimwambia Ladan kwamba ni spika yake, kwamba alijua redio za zamani zilikuwa na siri, kwamba kama si yeye wangekuwa bado wanachemsha maharagwe. Machogu aliporudi na chai alihadithiwa upya, na chai ile ikanywewa kwa heshima ya spika ya Ladan. Mogaka hakuligusa tena sanduku. Alikuwa na tabia hiyo, hafungui redio inayolia.

Persis alikunywa sehemu yake ya chai. Usiku wa manane ungemkuta anawaza, alijua, na alichowaza tangu pale kigodani kilikuwa cha ajabu. Uovu wake umegeuka zawadi, na zawadi ikapewa jina la mwingine. Kudai hawezi, maana kudai ni kukiri. Hadi jana alimwonea Ladan wivu kwa vitu vya Ladan. Sasa alimwonea wivu kwa kitu chake mwenyewe.

Siku ya dansi, Shariff aliwabeba kwa pikapu yake, vyombo nyuma, Ladan mbele pamoja na kaka yake. Barabara ya kwenda Nyakoe ilikuwa imechimbwa na mvua, na sanduku la spika lilirukaruka njia nzima. Persis aliwakuta ukumbini. Watu walikuwa wameanza kujaa: waalimu wenzake, wachuuzi wa sokoni, vijana wa shule waliochana nywele kwa maji. Bwana Omwenga alikuwa amevaa tai.

Mogaka akachomeka, akapiga kidogo kujaribu. Sanduku likakohoa. Akapiga tena, likatoa sauti ya kuku mwenye mafua. Mtu mmoja huko nyuma akacheka.

Aliligeuza sanduku. Karatasi ya spika ilikuwa na mpasuko mrefu, lakini kingo zake zilionyesha kwamba haukuanza kama mpasuko. Yalikuwa matundu, na njia mbaya ndiyo iliyoyaunganisha.

Persis alingoja hasira. Haikuja. Mogaka alimtazama Ladan kwa macho yaliyojaa kitu kibaya kuliko hasira, alikuwa anamstaajabia.

"Kumbe uliitoboa," akamwambia. "Ladan, ulijuaje? Nionyeshe. Nina ile spika yangu nyingine, nionyeshe ulitoboa wapi."

Ladan alitikisa kichwa. Alisema yeye alileta spika tu, ndani hakutia mkono. Mogaka hakumsadiki, alidhani ni maringo. Machogu alisema basi watoboe popote, na Mogaka akatoa wembe, lakini mkono ukasita juu ya spika ya akiba. Akikosea, hakuna ya tatu. Watu walianza kupiga makofi ya kuhimiza, yale yanayogeuka kuwa ya kuzomea. Bwana Omwenga akasogea karibu na jukwaa, akalegeza tai.

Hapo Ladan aliinua macho, akayashusha polepole hadi kwenye mkoba wa Persis, mahali ambapo ncha ya sindano ya kufumia ilikuwa imechungulia. Akamtazama usoni. Aliyafumba macho kama alivyofanya siku zote alipokuwa anangoja kusikia.

Persis angeweza kukaa. Dansi ingevunjika, Mogaka angerudi Kisii na gitaa la kawaida, na pengine, mwezi huu au ujao, angeomba noti. Ndicho alichokitaka tangu mwanzo, nacho kilikuwa pale, cha kuokotwa tu. Akamtazama Mogaka ameshika wembe. Lile shati lake safi lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

Akapanda jukwaani.

"Fundi, weka wembe," akasema. "Niunganishie hiyo ya akiba. Kisha unipe ile noti, polepole, usiache."

Mogaka alimtazama kama anayeona kigoda kinasimama. Lakini aliunganisha, akapiga waya wa noti yao, na noti ilitoka safi. Persis akapiga magoti nyuma ya sanduku mbele ya ukumbi mzima, yeye aliyekuwa akiona haya kuandika ubaoni mkaguzi akiwapo. Akatoboa, akasikiliza. Akatoboa tena, noti ikaanza kukwaruza. Mara ya tatu ikanguruma, lakini ikapita kiasi, ikapayuka. Akatoa kidonge cha nta, akakilainisha kwa vidole kama zamani, akabandika punje kwenye ukingo wa tundu la mwisho. Ngurumo ikajikusanya. Mkia ukaja. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alimnong'oneza jirani yake kwamba vijana hawa wameficha obokano ndani ya sanduku.

Mogaka alikuwa amechuchumaa kando yake, mkono mmoja bado unaigonga noti.

"Ni wewe," akasema. "Siku ile kibandani. Ni wewe uliyenisaidia, na ukanyamaza."

Ladan, aliyekuwa chini ya jukwaa, alidakia kwamba Mwalimu alitaka kumshangaza tu, watu wapole ndivyo walivyo. Alilisema kwa wema. Alikuwa amemfungulia Persis mlango, na nje ya mlango huo kulikuwa na kila kitu: sifa, shukrani, jina lake kwenye spika.

Persis akajibu kitu, lakini alikisemea ndani ya ngurumo, kwa makusudi, ili imezwe pamoja nayo. Mogaka aliona midomo tu. Akalaza kiganja juu ya nyaya.

Ukumbi ukawa kimya ghafla. Watu wote walinyoosha shingo, Bwana Omwenga, waalimu wenzake, wale vijana wa nywele za maji. Angeweza bado kusema amesema mambo ya nta.

"Sikukusaidia, Mogaka," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo mbele yake. "Niliitoboa ili isilie kabisa. Nilitaka ukose, urudi, uketi pale na uniombe mimi. Ninakutaka wewe."